Robo ya Kibaba

Nataka kuwasimulia kosa langu moja, ili mwingine asilirudie.

Mwaka jana, siku ya wazazi, nalichora ubaoni maduara mawili, kila moja limekatwa vipande kama mkate, ili kuonyesha hesabu ya wavulana na wasichana wa shule yetu. William Playfair, mtu wa Uskoti, ndiye aliyetangulia kuchapa picha za namna hii, katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1801. Duara zima ni nyuzi 360. Katika duara la mwaka wa kwanza wasichana walikuwa asilimia 25, yaani robo, nikawapimia nyuzi 90. Katika la mwaka wa pili walikuwa asilimia 20, nikawapimia nyuzi 72. Nikaketi, nimeridhika na kazi yangu.

Mara mzee mmoja akasimama, akasema, "Mwalimu, nimeona kwa macho yangu. Wasichana wanaiacha shule. Binti yangu hatabaki peke yake. Kesho atakaa nyumbani amsaidie mama yake." Wazazi wengine wakatikisa vichwa kumkubali.

Hapo moyo wangu ulishtuka. Nalikuwa nimechora mafungu, lakini sikuandika jumla! Mwaka wa kwanza watoto wote walikuwa 40, na robo yao ni 10. Mwaka wa pili walikuwa 80, na asilimia 20 yao ni 16. Basi wasichana hawakupungua, bali waliongezeka sita.

Nikamwuliza, "Mzee, robo ya kibaba na sehemu ya tano ya pishi, unga mwingi ni upi?"

Akacheka, akajibu, "Wa pishi. Hata mtoto ajua."

"Ndivyo ilivyo shule yetu," nikasema. "Fungu ni dogo, lakini pishi imekua."

Walakini picha haikusema uongo. Kwanza kila msichana mmoja alikuwa na wavulana watatu; sasa ana wanne. Wavulana walitoka 30 wakafika 64, zaidi ya maradufu. Basi tusijisifu bado. Wako mabinti wengi ambao hawajaletwa.

Asubuhi yake binti wa yule mzee alikuwa darasani. Nami tangu siku ile, nikichora duara, naandika kwanza jumla chini yake. Na nikionyeshwa duara la mwingine, nauliza kwanza: ni kibaba au ni pishi?