Mhojiwa wa Saba

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992, na haukupita muda walimu wa Tanga wakawa wanasoma bila kuacha darasa wala familia. Waliofika shahada ya uzamili wengi walichukua Kiswahili, na wengi wao walipitia kwangu Ngamiani, kwenye steshenari yenye mashine ya fotokopi na kompyuta moja. Waliniletea madaftari: kalamu ya bluu ya mwanafunzi, kalamu nyekundu ya msimamizi. Mchapaji husoma kila neno, apende asipende. Msimamizi, nimeshaona, huruka.

Mifupa ya tasnifu ilikuwa ile ile. Usuli wa tatizo, tamko la tatizo, malengo, umuhimu wa utafiti, mapitio ya kazi tangulizi, nadharia, kisha fani na maudhui, kisha mapendekezo. Na ndani yake hamkuwa na mtu aliyesema "mimi". Alikuwamo mtafiti. Mtafiti aliona, mtafiti alibaini, mtafiti anapendekeza. Kulikuwa na mwalimu mmoja ambaye akiingia dukani na kuanza habari za Shaaban Robert, wateja husahau hata chenji zao. Akishika kalamu, mwalimu huyo huyo alipooza.

Shaaban Robert ndiye aliyewatoa jasho kuliko wote. Ni wa kwetu, mzaliwa wa Vibambani, na mwaka 1954 kilichapishwa Johannesburg kitabu chake cha Kielezo cha Insha, kwa hiyo mtu angetarajia wanafunzi wake wa leo wamuulize hasa namna anavyomvuta msomaji. Hawakuuliza. Chukua Kusadikika ya mwaka 1951. Karama yuko kizimbani, mshtaki wake ni waziri, na silaha aliyonayo ni ulimi. Anajitetea kwa visa vya wajumbe sita, kimoja baada ya kingine, mpaka wanaomsikiliza wageuke. Kitabu kizima ni hotuba ya utetezi. Kwa nini anaanza na mjumbe huyu na si yule? Anamlenga mfalme au umati? Tasnifu nilizochapa zilisema kitabu kina dhamira ya haki, dhamira ya uongozi mbaya na dhamira ya ukombozi, zikahamia sura inayofuata.

Halafu akaja kijana aliyekuwa akitafiti taarabu, akahitaji wahojiwa. Nikampeleka kwa mama mkubwa.

Mama mkubwa alikulia katika Tanga ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, magitaa yalipoingia kwenye taarabu na sauti ya mwimbaji Shakila ikavuka mipaka ya mkoa. Hakuwahi kuimba. Kazi yake ilikuwa kutunza, na alimweleza kijana kazi hiyo kwa saa nzima. Huinuki kwenye ubeti wowote. Unausubiri ubeti wako. Noti unaishika juu ionekane, unapita karibu na kiti cha mbaya wako, karibu lakini humgusi, unacheza kidogo, ndipo unampa mwimbaji. Hujasema neno. Akija kukuuliza, wewe ulikuwa unampongeza msanii. Na yeye akiwa mjanja hakuulizi. Anangoja wimbo mwingine, anainuka na noti yake. "Maneno ya mwimbaji," alisema, "lakini ugomvi wangu mimi."

Nikaja kuichapa sura ya nne. Mama mkubwa alikuwa amegeuka Mhojiwa wa 7, na saa yake nzima imekuwa mstari mmoja: taarabu huelimisha, huburudisha na huonya jamii. Nilichapa kama nilivyopewa. Kazi yangu ilikuwa kuchapa.

Wakati huo huo somo hilo hilo lilikuwa limeshavuka bahari. Kelly Askew alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari ya Harvard mwaka 1997, na mwaka 2002 ikatoka Chicago kama kitabu, Performing the Nation. Sehemu kubwa ya utafiti aliifanya Tanga hii hii. Kutunza, kule kuinuka na noti na kuupeleka wimbo kwa mtu, kumepewa nafasi yake humo kama hoja inayosimama yenyewe. Nakala ilinifikia mikononi mwa mwanafunzi aliyetaka kurasa chache za fotokopi. Nilijisikia vizuri, na niliudhika pia. Wetu walikuwa wameshaipata lugha, wanaandika tasnifu nzima kwa Kiswahili, jambo ambalo wazee wa taaluma hii wengi hawakulipata. Lakini namna ya kusema ilikuwa ya kuazima, tena ya kubana mabegani.

Mabadiliko yalikuja kidogo kidogo, na mengine hayakuwa na uhusiano wowote na fikra. Madaftari yakaisha, zikaja flashi. Simu ikamwezesha mtafiti kuleta sauti ya mhojiwa badala ya muhtasari wake. Programu za kupima kunakili zikaleta kichekesho cha aina yake: watu wakibadilisha maneno ili asilimia ishuke, mpaka "bahari" ikawa "eneo kubwa la maji ya chumvi". Lakini pia walianza kuja wanafunzi wenye maswali mengine. Binti mmoja alichambua balagha ya kanga: nani kaivaa, mbele ya nani, baada ya tukio gani. Msimamizi wake alimruhusu kuandika "niliona". Wahojiwa wake walizungumza aya nzima nzima, na mmoja alimpinga mtafiti, naye akayaacha mapingamizi hayo palepale yalipo. Niliichapisha tasnifu ile nikaibaindi kwa jalada gumu bila kumtoza tofauti ya bei.

Mwezi uliopita kaja mwingine, wa uzamivu, anataka kutafiti ushawishi katika taarabu za Tanga. Nikampigia mama mkubwa. Akauliza mahojiano yatafanyika wapi. Nikamwambia nyumbani kwake, sebuleni, kama siku zile.

"Sebuleni sitaki," akasema. "Mwambie anipeleke kwenye taarabu, na noti za kutunza aje nazo yeye."