Kompyuta ilipoanza kugonga

Mama huyo ni mwalimu wa sekondari mjini Ifakara. Kompyuta yake ya mpakato ilikuwa na alama za kidato cha pili, picha za harusi, na sauti za marehemu mama yake akisimulia hadithi kwa Kindamba. Sauti hizo alizirekodi kwa simu ambayo baadaye iliingia maji. Nakala nyingine haikuwapo.

Jumatatu asubuhi kompyuta ilikataa kuwaka. Skrini nyeusi, maandishi meupe machache, na ndani mlio wa ka, ka, ka. Akaizima, akaiwasha. Mara nne, mara tano. Nani asingefanya hivyo?

Mwanawe wa kidato cha tatu alikaa pembeni, kimya kuliko kawaida yake.

Jioni waliipeleka kwa fundi. "Mama, hii haikuanguka?"

"Hapana."

Fundi akapeleka kidole kwenye kitufe, aiwashe asikilize mwenyewe.

"Mama, nisamehe," kijana akasema. "Jumamosi niliibeba kwenda Kibaoni kuangalia muvi. Bodaboda ikaingia kwenye shimo, begi likadondoka."

Fundi aliondoa kidole. Akaeleza kwamba diski za aina hiyo zina sahani ndani, na katika kompyuta nyingi za mpakato sahani hizo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu yake kuna kichwa kidogo cha kusomea kinachoelea bila kuzigusa. Diski ikianguka, kichwa kinaweza kuharibika na kuanza kukwaruza sahani, hivyo kila unapoiwasha unaweza kupoteza vingine. Wala hakuifungua, kwa sababu chembe ya vumbi tu inatosha kuiua, na kiangazi Ifakara vumbi unalijua.

"Kompyuta itapona leo," alisema. "Vilivyomo siahidi."

Akafunga diski mpya ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, akapakia Windows kutoka kwenye flashi. Kabla ya kufunga duka mashine iliwaka, nyepesi kuliko zamani, na tupu kabisa.

Diski ya zamani ilifungwa vizuri ikapanda basi kwenda Dar es Salaam, kwa mafundi wenye vifaa vya kazi hiyo. Bei yao ilizidi kwa mbali ya diski mpya. Magunia mawili ya mpunga yaliyokuwa yakisubiri bei ipande yaliuzwa mapema. Baba alinuna siku mbili, kisha akauliza kama majibu yamekuja.

Yalikuja baada ya wiki tatu: alama zote, picha karibu nusu, na sauti moja ya bibi kati ya saba. Usiku huohuo kijana, bila kutumwa, aliinakili kwenye flashi, kwenye simu ya baba na kwenye Google Drive.

Kisha akaifungulia sebuleni. Kindamba hajui.

"Mama, hapo bibi anasema nini?"

"Rudisha nyuma kidogo," mama akajibu. "Hata mimi sikusikia vizuri."