Kinamama wazee na kuanguka: tuwapime bila kuwafungia nyumbani

Ndugu wasikilizaji, nanyi jamaa mliokimbia vita huko Pweto, Mitwaba na Manono mkaja kuishi pamoja nasi hapa Lubumbashi, leo tuzungumze juu ya jambo ambalo kinamama wazee hawapendi kulisema: kuanguka.

Mama yangu ana miaka 71. Anaishi Katuba, na kila asubuhi anauza makala na sombe kwenye meza yake kando ya barabara. Msimu wa mvua uliopita alianguka mara mbili. Habari ya kwanza tuliipata kwa jirani. Nilipomuuliza, alijibu: "Mwanangu, miye sikuanguka. Niliteleza tu." Anajua kwamba watoto tukisikia, tutamwambia aache meza. Na bila meza, hata pesa ya chumvi ataiomba.

Hofu hiyo ina hatari yake, kwa sababu aliyeanguka mara moja anaweza kuanguka tena kwa urahisi. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema watu wapatao 684.000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya 80% yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Wengi ni wazee. Kwa wanawake, mifupa hupoteza nguvu haraka baada ya damu ya mwezi kukoma. Ndiyo maana anguko dogo linaweza kuvunja nyonga.

Kuna vipimo viwili visivyohitaji mashine. Cha kwanza: mama anaketi kwenye kiti, anasimama, anatembea metre 3 kwa mwendo wake wa kawaida, anageuka, anarudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, ni onyo. Cha pili ni kusimama sekunde 10 kila hatua: miguu pamoja, mguu mmoja mbele kidogo, kisigino cha mmoja kikigusa vidole vya mwingine, mwisho, mguu mmoja tu. Asiyemaliza hatua ya tatu yuko katika hatari kubwa zaidi. Mtu mwenye nguvu asimame karibu, tayari kumshika.

Tulifanya hivyo uani, na telefone ikahesabu. Mama alitumia sekunde 15. Kwenye hatua ya tatu alifika sekunde 6. Akaniuliza: "Sasa mutaninyanganya meza?"

Hapana. Tulimpeleka kituo cha afya. Muuguzi alimpima tansio akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama, akauliza dawa anazokunywa na kama anaona vizuri. Nyumbani, gunia la makala sasa linabebwa na wajukuu. Sandali zilizoisha tulizitupa, na njia ya choo ina taa usiku. Kila siku anafanya mazoezi: kuinuka kitini bila kutumia mikono, na kusimama kwa vidole akishika meza. Mazoezi ya usawa na nguvu ya miguu hupunguza kuanguka kwa karibu robo moja. Meza yake bado ipo.

Lakini kipimo si unabii. Mama anaweza kufaulu mchana kwenye uwanja mkavu, kisha akaanguka usiku kwenye matope. Nawafikiria hasa nkambo waliokimbia: wanalala chini, wanaamka gizani katika nyumba wasiyoizoea, wanavaa viatu vya kuazima, wanachota maji kwa bido nzito. Kwa hiyo tukimpima mama, tupime pia nyumba: sakafu, taa, njia ya choo na mzigo anaobeba.

Jioni hii, muulize mama au nkambo wako: "Mwaka huu umeanguka?" Lakini kwanza mwambie kwamba hakuna atakayemnyang'anya kazi yake. Hapo ndipo atakwambia ukweli.