Laptopu iliyoruka fremu sita

Wadau, nimepotea, najua. Wengine mmenipigia kuuliza kama nimeacha kazi. Wengine hamkuwa na salamu wala nini, ni swali moja tu: "Unaeditia programu gani, na ninunue laptopu ya aina gani?" Tangu gazeti letu lianze kumtaka kila mwandishi wa mikoani alete na video, nimelisikia swali hilo mpaka kwenye misiba. Nimekuwa nalikwepa. Leo nalijibu, ila jibu lenyewe linaanzia barabara ya Mugumu, siyo dukani.

Kwa asiyepajua, ukitoka Tarime unapita Nyamwaga, unapita Nyamongo penye mgodi wa dhahabu wa North Mara, unavuka Mto Mara, ndipo unaitafuta Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Vumbi utakalokula njiani ni chakula cha siku mbili. Nilipita huko Desemba 2022. Mwaka ulikuwa unagawanyika kwa mbili na shule zilikuwa zimefungwa, na kwa koo nyingi za Wakurya huo ndio msimu wa ukeketaji. Sheria ya mwaka 1998 inaweza kumpeleka jela hadi miaka 15 anayemkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Takwimu za taifa nazo zinashuka: asilimia 10 ya wanawake katika utafiti wa 2015-16, asilimia 8 katika ule wa 2022. Lakini kwa Mara peke yake ilikuwa 32, ikawa 28. Vituo vya kuwapokea wasichana wanaokimbia vipo wilaya zote mbili, na vinajulikana: Masanga upande wa Tarime, Mugumu upande wa Serengeti. Mimi nilirekodia wapi, hilo halitoki mdomoni.

Nilizungumza na wasichana watatu. Mmoja nitamwita Binti, basi. Alikubali kurekodiwa kwa sharti kwamba uso wake usionekane na mtu yeyote, hasa baba yake mdogo. Nikamwambia, "Usijali, nitauficha kwenye kompyuta." Hilo ndilo kosa la kwanza, wadau. Ningeweza kumgeuza akae mgongo kwa kamera, au nimweke dirisha nyuma yake abaki kivuli. Lakini nilitaka picha nzuri. Nilikuwa na simu mpya inayorekodi 4K na nilitaka kuionyesha.

Hapo ndipo inaingia laptopu yangu ya zamani. Mtumba wa ofisini, RAM GB 8, diski ya kuzunguka, kadi ya grafiki hakuna. Ndani yake Premiere Pro ya kuchakachua niliyopewa na mshikaji kwenye flashi, ikaja na virusi wake bure kama nyongeza ya mama ntilie. Nikamwekea Binti duara la ukungu usoni, nikawa nalisogeza kwa mkono hatua kwa hatua. Nikacheza video nzima mara tatu. Safi. Nikarenda usiku kucha, nikamtumia mhariri.

"Safi dogo," akanijibu. "Tunapandisha saa mbili usiku."

Saa moja na robo niko kwa muuza chipsi, nikaifungua kwenye simu kujifurahisha. Kuna mahali mlango unagongwa, Binti anageuka. Duara likabaki pale pale lilipokuwa. Nikarudisha nyuma, nikaenda polepole. Fremu sita. Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde hiyo ni moja ya tano ya sekunde, unapepesa jicho imepita. Lakini ukiisimamisha hapo unamwona mzima, macho, pua, hereni. Na siku hizi nani hasimamishi video?

"Mkuu, usipandishe."

"Dogo, unanichezea? Nimeshaitangaza."

"Mkuu, nakuomba. Uso unaonekana."

Akanyamaza, nikamsikia akiita mtu. Haikupanda. Chipsi sikuzila.

Kilichoninyima usingizi ni kwa nini sikuona mara zote tatu. Jibu nilikuja kulipata baadaye, na ndilo kiini cha yote mnayoniuliza. Kompyuta ikizidiwa na video haisemi imeshindwa. Inaruka. Inakuonyesha fremu ya kwanza, ya nne, ya tisa, sauti inaendelea kama kawaida, na jicho lako linaziba mapengo. Ila inaporenda hairuki hata moja, maana pale haina haraka. Kwa hiyo video niliyoitazama mimi na video iliyotoka hazikuwa video moja. Mimi ndiye niliyekuwa nimewekewa ukungu.

Basi tangu siku hiyo sinunui sifa za kwenye boksi. Swali langu kwa kifaa chochote ni moja: je, kitanionyesha kila fremu?

Tuanze na programu, maana ndiyo inayoamua mashine. Premiere na After Effects za Adobe ni nzuri, sitaki ubishi, lakini tangu 2013 toleo jipya linakodishwa, kila mwezi unalipa. Mshahara wangu mnaujua. Na ya kuchakachua sirudii tena. Siyo utakatifu. Siwezi kufungua nyuso za watoto ndani ya programu ambayo sijui aliyeivunja aliacha nini humo. CapCut ya kwenye simu naitumia kwa mechi na mikutano ya hadhara, kazi hii siipeleki huko. Final Cut Pro ni ya Mac na iPad tu. Mac zenye chipu za M1, zilizotoka Novemba 2020, nimezijaribu kwa rafiki Mwanza: hazipigi kelele, hazipati joto, betri inakaa. Nikauliza bei, nikamshukuru muuzaji kwa maji ya kunywa.

Nikaishia kwenye DaVinci Resolve ya Blackmagic Design. Toleo la bure ni la bure kweli, halichapi nembo juu ya kazi yako, na linatoa mpaka 4K ya kawaida. La kulipia ni dola 295, unalipa mara moja. Lililonishika ni kifuatiliaji: unachora duara usoni, unaliamuru limfuate mtu, kisha unapita fremu moja moja kurekebisha lilipoteleza. Kuteleza lipo, hasa mtu akigeuka, kwa hiyo hakuna kulala. Mwenye mashine dhaifu aangalie Kdenlive. Ni ya bure, ni nyepesi, nayo ina kifuatiliaji.

Sasa Resolve haina huruma kwa kadi ya grafiki. Nilikusanya akiba miezi saba nikapata mtumba wa kuchezea gemu: RAM GB 16, SSD ya GB 512, kadi ya NVIDIA GTX 1650 yenye memori GB 4. Sh1,600,000 baada ya kubishana mpaka jua kuzama. Hizo GB 4 ni kidogo. Ukiweka taimulaini ya 4K inakwambia memori imejaa, basi mimi nafanyia kazi kwenye 1080p, na wasomaji wangu wanaotazama kwenye simu hawajawahi kulalamika. Pesa ikibaki, ongeza RAM kabla ya kutamani prosesa kubwa zaidi.

Lakini nawaambia ukweli, kilichonisaidia kuliko kadi ni jambo la bure. Inaitwa proksi: programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila video, unaeditia hiyo, kurenda inarudi kwenye ya asili. Na simu zina ugonjwa wao, hazishiki kasi moja ya fremu, mara 30, mara 27, sauti inaanza kupishana na midomo. Napitisha kwanza kwenye HandBrake, naiambia ishike kasi moja. Laiti ningejua hayo mawili Desemba ile, hata mtumba wa zamani ungeniokoa.

Umeme nao ni sehemu ya kununua. Kwa pesa ile ile kompyuta ya mezani ingekuwa na nguvu zaidi. Ila mgawo wa mwishoni mwa 2023 ulinikuta katikati ya kurenda mara nne, na betri ya laptopu, hata ikidumu dakika 50 tu, inatosha kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu. Nafasi nayo msiisahau: 4K ya simu yangu inakula kama GB 22 kwa saa moja. Nina ekstano mbili, zote nimezifunga kwa VeraCrypt, ili hata zikiibwa kwenye basi mwizi apate chuma tu.

Nikairudia kazi ya Binti upya. Nikajiona fundi, nikasema niongeze na grafiki. Ndani ya Resolve kuna Fusion tangu 2018, ya kuchezesha michoro, inataka uvumilivu kama kufunga nyavu. Nilikesha siku nne na ramani. Nilichukua ya OpenStreetMap, ambayo kwa vijiji vya huku imejazwa sana na watu wa kujitolea wa Crowd2Map Tanzania, kazi waliyoianza 2015, na kuna wasichana waliofikiwa kabla ya kisu kwa sababu njia ya kijiji chao ilikuwa imechorwa. Mstari wangu ukawa unatambaa kutoka Tarime, unapita Nyamongo, unaruka mto, mwisho kinadondoka kidoti chekundu na kudunda mara mbili. Tamu!

Kabla ya kuituma nilimpelekea mama anayewalea wale wasichana. Safari hii fremu zote nilikuwa nimezipita moja moja. Akaitazama kimya mpaka mwisho.

"Uso umeuficha vizuri, mwanangu," akasema. "Rudisha kwenye ramani."

Nikarudisha, nimevimba kichwa.

"Hiki kidoti chekundu ni nini?"

"Ni kijiji alikotoka, mama."

Hakusema neno. Aliniangalia tu, mpaka nikafunga laptopu mwenyewe.

Kidoti nilikitoa usiku ule ule. Mstari sasa unaishia mtoni na unafifia. Video ikapanda mwaka na zaidi baada ya kurekodiwa, na mhariri bado anasema ile ramani haina mwisho.

Laptopu ya zamani nauza. Sh280,000, maongezi yapo. Inafaa kuandikia, inafaa sinema. Diski yake nimeitoa, utatafuta ya kwako.