Tromboni za Bethlehem, Pennsylvania

Naandika katika gazeti letu la Dzaleka nikiwa Lancaster, huku Marekani. Vijana wetu wa fanfari waliniuliza kwa simu: hao watu wa tromboni mnaowasikia huko wanapiga nyimbo gani, na kama kuna CD. Swali fupi, jibu refu. Ndiyo maana naliandika humu, ili na akina mama nao wasome.

Kutoka kwetu hadi Bethlehem ni karibu kilometa 110, gari la jirani tu linatosha. Mji umekaa pande mbili za mto Lehigh. Upande wa kusini utaona matanuru ya chuma, marefu kuliko jengo lolote la Dowa, yamejaa kutu. Yalizimwa mwaka 1995 na hayajawaka tena. Upande wa kaskazini ni kilima chenye nyumba za mawe na kanisa lenye mnara. Huko ndo tunakoenda. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mtaa huo wa zamani kwenye urithi wa dunia.

Waliojenga ni Wamoravian. Ndugu zetu waliopitia Tanzania wanawajua, maana walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye Unyamwezi. Lakini kwanza wao wenyewe walikuwa wakimbizi! Walitoroka kwao Moravia kwa sababu ya dini, na mwaka 1722 bwana mmoja mwenye mashamba huko Saxony, Count Zinzendorf, akawapa pa kukaa. Wakajenga kijiji, wakakiita Herrnhut. Kutoka hapo wakaanza kutuma watu duniani, na mkesha wa Noeli wa mwaka 1741 kundi lao lililokuwa msituni Pennsylvania likakipa kituo chao jina la Bethlehem.

Tromboni ziliwafikia mwaka 1754 toka Ulaya. Kwa wasioijua: ni ile tarumbeta ndefu yenye bomba la kuvuta mbele na nyuma, haina vitufe. Zilikuja za sauti nne, soprano, alto, tena na besi, yaani kwaya kamili ya midomo ya shaba. Kikundi hicho hakijafa hadi leo. Wazee wa mji wanasimulia kwamba Noeli ya 1755, wakati wa vita, sauti yake ya alfajiri iliwatisha watu waliokuja kuchoma mji, wakarudi. Mimi nasikiliza hiyo hadithi kama zile za babu zetu: tamu, lakini sishiki Biblia kuiapia.

Sasa nyimbo. Msingi wao ni tenzi za polepole za sauti nne, na kila tuni ina namba yake kitabuni. Zamani mtu akifa, wapigaji walipanda mnarani na kupiga tenzi tatu. Ya kwanza, tuni namba 151A, ilisema: mwenzetu ameondoka. Ya pili ilitaja ni nani, si kwa jina, bali kwa kundi lake: mume, mke, mjane, kijana, binti, mtoto. Ya tatu ilirudia ya kwanza. Mtu shambani anaweka jembe chini, anasikiliza ile ya katikati. Kama ni ya watoto, basi kila mama anahesabu wake.

Nilipoelezwa hayo nilinyamaza kidogo. Mama yangu alilala huko Dzaleka miaka miwili baada ya mimi kusafiri. Habari yake niliipata kwa simu, nikiwa zamu ya usiku ghalani, katikati ya maboksi, na zamu ilikuwa bado saa nne iishe.

Makaburi yao yako karibu na kanisa. Mawe yote yamelazwa chini, yanalingana, hakuna la tajiri. Wazungu, Wahindi Wekundu na Waafrika wamelala pamoja humo. Walizikwa kwa kundi, si kwa familia, hivyo mume huku na mke kule. Hilo mi halinipendezi hata kidogo. Alfajiri ya Pasaka tromboni huwaongoza watu kutoka kanisani hadi hapo, jua likichomoza.

Siyo makaburi tu. Mji huo una kwaya ya Bach tangu 1898, na tarehe 27 Machi 1900 iliimba ile Misa yake kubwa ya B ndogo, mara ya kwanza nzima katika Marekani. Tromboni ziliita watu toka mnarani. Tamasha la Bach linaendelea.

Kuhusu rekodi, vijana, nisiwadanganye: za mtindo huo zitawasinzisha. Anzeni na CD ya Smithsonian Folkways ya mwaka 1999, inaitwa Saints' Paradise. Hao ni Wamarekani weusi wa United House of Prayer, kanisa la Charles Grace, mhamiaji aliyezaliwa visiwa vya Cape Verde. Tromboni nyingi pamoja, mmoja anatangulia, wengine wanaitikia, ngoma chini. Mkiisikia mtasema ni Wakimbangu wamevuka bahari!

Lakini msikate tamaa kwa sababu mna tromboni mbili tu. Sauti mbili zinazokosekana ziimbwe na watu, au zipigwe na tarumbeta ya kawaida. Tenzi tatu zinatosha kuanzia, ila muwe mmezishika kweli, maana juu ya kilima hakuna pa kujificha.

Ombi langu ni hili. Pasaka ijayo, alfajiri, mpande mpaka makaburini, mpige, mmoja arekodi kwa simu. Kaburi la mama liko mstari wa tatu, karibu na mwembe, katibu wa fanfari analijua. Tuma kwa WhatsApp usiku wa huku, bando ni rahisi. Nami nimewatumia yangu ya Bethlehem, dakika nne. Mwanzoni ni upepo tu, mvumilie.