Sufuria Moja Jioni ya Palizi



Mwezi wa Januari huku kwetu Uyole ni mwezi wa palizi. Mvua inanyesha. Magugu yanakua haraka kuliko mahindi, na kila mtu yuko shambani. Jioni ukipita njiani utawaona akina mama wanarudi, jembe begani, mtoto mgongoni, mzigo wa kuni kichwani. Mama akifika nyumbani kazi inaanza upya. Kuni zina unyevu. Sufuria ya ugali inangoja moto, na sufuria ya mboga inangoja moto ule ule. Chakula kinaiva saa tatu usiku. Je, watoto wadogo wako wapi saa hiyo? Wamelala.

Nayajua haya kwa sababu yalitokea nyumbani kwangu. Mimi ni bwana shamba. Miaka mingi niliwafundisha watu nafasi ya kupanda mahindi, kisha nikirudi nyumbani nilikaa kitini kungoja chakula. Msimu mmoja wa palizi mke wangu alikwenda kumwuguza mama yake kwa wiki tatu. Nikabaki na watoto wanne. Siku tatu za kwanza mtoto wetu wa mwisho alilala bila kula. Nilimwamsha, akatafuna kidogo, akalala tena na tonge mdomoni. Niliona aibu sana.

Siku ya nne nikanunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe. Mchele wa Kyela ulikuwamo ndani. Nikatia vyote katika sufuria moja, nyama, mchele, maji na chumvi, nikafunika. Nilidhani nimepata njia ya mkato. Baada ya nusu saa wali ulikuwa uji, na nyama ilikuwa ngumu kama mkanda wa ngozi. Watoto walikunywa uji. Nyama tulimpa mbwa, naye aliitafuna muda mrefu.

Wakati huo huo mama mmoja mzee, jirani yetu, alikuja kuomba kaa la moto. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akachungulia ndani ya sufuria, akacheka.

"Bwana shamba," akasema, "ukipanda mahindi na mchicha siku moja, utavuna siku moja?"

Sikuwa na la kujibu. Yule mama akakaa kwenye kigoda akanieleza. Kupika katika sufuria moja si kosa, na si jambo geni. Watu wa Tukuyu hupika ndizi na nyama pamoja. Watu wa Iringa hupika makande, mahindi na maharage katika chungu kimoja. Watu wa pwani wana pilau. Lakini kinachochelewa kuiva hutangulia motoni.

Sasa sikiliza jambo moja ambalo mimi nililisoma chuoni, lakini sikulikumbuka nilipokuwa jikoni. Pwani, kama Dar es Salaam, maji huchemka kwa joto la digrii 100. Kadiri unavyopanda mlima, maji huchemka kabla ya kufika joto hilo. Uyole iko juu ya bahari kwa kiasi cha meta 1,800. Hapa maji huchemka kwa digrii kama 94 tu. Kyela iko bondeni, karibu na Ziwa Nyasa, na huko maji huchemka kwa digrii kama 98. Ndiyo maana nyama na maharage huchelewa kuiva huku kwetu kuliko Kyela, hata kama moto ni mkubwa. Tena, maji yakishachemka, ukiongeza kuni joto lake halizidi. Unapoteza maji na kuni tu. Punguza moto, weka kifuniko, na juu ya kifuniko weka jiwe safi ili mvuke usitoke ovyo.

Basi fanya hivi. Kwa watu sita, chukua nusu kilo ya nyama. Ikate vipande vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole gumba. Kata kukingama nyuzi za nyama, usifuate nyuzi. Nyama ya maksai aliyevuta plau miaka mingi ina nyuzi ndefu na ngumu, na kisu ndicho kinachozifupisha. Ukipata papai bichi, sugua nyama na utomvu wake kidogo, ukae robo saa. Utomvu ule hulainisha nyama.

Injika nyama kwanza, na maji ya kuifunika. Ichemke kwa saa moja, au saa moja na nusu kama ng'ombe alikuwa mzee. Muda huo hukai jikoni. Ogesha watoto, kamua ng'ombe, funga kuku. Mtoto mkubwa aangalie moto tu. Hapo ndipo faida ilipo, kwa maana ugali hauwezi kuuacha hata kidogo.

Nyama ikilainika, mimina supu pembeni. Kaanga nyama katika sufuria ile ile kwa vijiko 3 vya mafuta ya alizeti, na vitunguu 2. Tia nyanya 3, karoti 2 zilizokatwa, na njegere kama zipo. Sisi wa nyanda za juu tunazilima karoti na njegere, halafu tunazipeleka zote sokoni. Bakiza kidogo za watoto.

Sasa pima supu kwa kikombe. Mchele ukiwa vikombe 3, supu iwe vikombe 6. Ikipungua ongeza maji, ikizidi weka akiba. Mchele mpya, uliovunwa karibuni, unataka pungufu kidogo. Rudisha supu, tia chumvi, ichemke, ndipo utie mchele uliooshwa. Maji yakikaribia kukauka, toa kuni, bakiza makaa machache chini, na mengine yapalie juu ya kifuniko. Usifunue funue.

Kama makaa hayatoshi, tumia kikapu. Jaza maganda makavu ya mahindi, fanya shimo katikati, tia sufuria ikiwa bado ya moto sana, funika kwa blanketi kuukuu. Baada ya nusu saa wali umeiva bila ukuni hata mmoja.

Nyama si ya kila siku, najua. Siku nyingine tumia maharage. Kituo cha utafiti wa kilimo hapa kwetu kimetoa mbegu nyingi zenye jina la Uyole, kama vile Uyole 96 na Njano Uyole. Yaloweke maharage asubuhi kabla ya kwenda shambani. Jioni mwaga maji yale, tia mapya, yachemshe sana mpaka yalainike, kisha fuata kipimo kile kile cha mchele.

Wanaume wenzangu walinicheka. "Bwana shamba siku hizi anafundisha jikoni," walisema. Mmoja wao alinifuata baadaye, usiku, akauliza kwa sauti ndogo kama supu ni vikombe 6 au 5.

Wiki ya pili tulikula saa moja na nusu usiku, na mtoto wetu mdogo alikuwa macho. Aligombania ukoko na kaka zake.

Mke wangu aliporudi nilimpikia. Alionja, akasema chumvi imezidi. Kisha akajipakulia mara ya pili.