Kupishana na Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo cha Mwatex, kule Igoma, Mwanza. Sisi tuliishi Mabatini, vyumba viwili vilivyobanwa katikati ya majabali. Kila alfajiri, kabla jogoo hawajamaliza kugombana, alibeba baiskeli yake begani akashuka nayo mlima, maana huko kwetu hapakuwa na njia ya magurudumu. Akifika chini, Barabara ya Nyerere, aliipanda akaelekeza uso mashariki, njia ya Musoma, akiwa pamoja na wafanyakazi wenzake waliokuwa wakipiga kengele na kuamkiana "Mwangaluka!" gizani.

Kwa hiyo foleni ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa ya baiskeli, na ilikuwa inatoka mjini.

Igoma ya siku hizo ilikuwa shamba. Ukivuka viwanda vya Nyakato ulikutana na mihogo, mtama, ng'ombe na mawe. Watu walikwenda huko kufanya kazi, jioni wakarudi kulala mjini. Siku za mshahara baba aliwahi kunichukua, nikakaa kwenye kerea nyuma yake, na wakati wa kurudi tukacheza mchezo wa kuhesabu magari. Sikumbuki kama tuliwahi kufika 20 kabla ya kuona mapaa ya Mabatini.

Miaka ya 1990 mashine zikanyamaza. Baba alikaa nyumbani wiki kadhaa akiisafisha baiskeli ambayo haikuwa chafu. Kisha akafungua kimeza cha kutengeneza redio Mlango Mmoja, jirani na wauza mitumba. Asubuhi ya kwanza nilimwona akifika barabarani, akasita kidogo, akageuza usukani kuelekea magharibi. Wakati ule sikujua kwamba mji mzima ungegeuka pamoja naye.

Mwanza ilianza kwa kukua kwenda juu. Aliyetoka kijijini kutafuta maisha alipanda mlimani, Mabatini, Bugarika au Igogo, akaweka nyumba yake juu ya jiwe. Maji alibeba kichwani na choo kilimpa taabu, lakini kazini alishuka kwa miguu. Maelfu ya watu waliingia mjini kila asubuhi bila kuongeza hata gari moja barabarani. Milima ilipojaa, mji ukamwagikia tambarare: Buhongwa upande wa Shinyanga, Kiseke na Buswelu upande wa Ilemela, Igoma na Kishiri upande wetu. Na mtu wa tambarare, aliye kilomita 10 au zaidi kutoka mjini, hashuki kwa miguu.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka 2008 nilinunua kiwanja Kisesa, hatua 20 kwa 30, mbele kabisa ya Igoma. Nilimpeleka baba akakione. Alizunguka mipaka yote akiegemea fimbo, akaokota udongo, akausugua kwa vidole, akaridhika nao. Halafu akatazama huku na huku, akaniuliza, "Kiwanda gani kiko huku?"

Nilicheka. Nikamwambia, "Baba, kazi yangu iko mjini. Daladala zipo."

Na kweli zilikuwepo. Wakati huo nilipanda Hiace saa moja kasorobo, nikakaa dirishani, na saa moja na nusu nilikuwa dukani Mtaa wa Rwagasore nafungua vitabu vya hesabu. Kisha majirani wakaanza kuja. Wa kwanza alikuwa muuguzi wa hospitali ya Bugando, akafuata mwalimu, akafuata mama anayeuza dagaa Kirumba. Kila tofali lililopandishwa Kisesa lilikuwa la mtu ambaye riziki yake ilibaki mjini. Tulihamisha vitanda tu.

Siku hizi ninaondoka saa kumi na moja alfajiri, saa ileile ya baba. Wakazi wa Igoma wanaotaka kukaa wanapanda daladala inayokwenda Kisesa, wanalipa nauli ya kwenda wasikotaka, halafu wanageuka nayo. Kwa hiyo gari linapofika kwetu mwanzo wa ruti huwa limeshajaa, nasi wenye kituo tunasimama. "Mzee, sogea nyuma, kuna nafasi," anasema konda, naye anajua kwamba haipo. Jioni mambo ni mabaya zaidi, kwani gari linaweza kukatisha ruti Igoma na ukatafuta nauli nyingine, au bodaboda, au miguu yako.

Tunakwama palepale nilipozaliwa. Pale Mabatini bonde ni jembamba: mlima huku, mlima kule, na Mto Mirongo na barabara vinagombea nafasi iliyobaki. Mji huu umeegemea ziwa na kuzungukwa na mawe, na milango yake mikubwa ni mitatu tu, yaani barabara za Kenyatta, Nyerere na Makongoro, yote ikiishia katikati. Dar es Salaam unaweza kuchepuka mitaani. Mabatini utachepukia wapi, juu ya jabali?

Sensa ya 2012 ilikuta watu wapatao laki 7 katika wilaya mbili za mji huu, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya milioni 1.1. Lakini hata hesabu hiyo haitutaji sisi. Kisesa iko Wilaya ya Magu, kama Usagara ilivyo Misungwi. Karani wa sensa alinikuta nyumbani akaniandika Magu. Angenitafuta saa moja asubuhi angenikuta Mabatini, nikining'inia kwenye bomba la daladala. Sensa inatuhesabu tulikolala, barabara inatuhesabu tunakokwenda.

Siyo kwamba hakuna kilichofanyika. Barabara ya mchepuo ya Usagara hadi Kisesa imeyapa malori ya Shinyanga na Musoma njia ya kupishana bila kuingia mjini. Lakini ilipokamilika tu, vibao vya "Viwanja vinauzwa" vilisimama kando yake, na wanaovinunua wanafanya kazi mjini. Mabasi ya mikoani yamepata stendi Nyamhongolo, ila abiria wake wanahitaji daladala ya kuwaleta mjini. Juni 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na foleni ya kivuko iliyokuwa ikila nusu siku ya msafiri wa Geita na Sengerema ikaisha. Nilishangilia kama wengine. Kisha nikajiuliza magari hayo, yakishapita Usagara, yanaelekea wapi.

Wenzangu ndani ya daladala hulaumu bajaji, bodaboda, trafiki, na madereva wanaopakia katikati ya barabara. Nami hulaumu pia, muda unakwenda. Lakini asubuhi nyingine gari likiwa limesimama kabisa, huinua macho nikatazama mlimani kule tulikokuwa tukiishi. Watu wanashuka kati ya mawe, viatu mkononi kama imenyesha, wanafika chini, wanatupita kwa miguu. Huwaona wakipotea kuelekea Mlango Mmoja, nasi bado tupo.

Mwezi uliopita kijana wangu alikuja na furaha usoni. Anauza simu mjini, na sasa anataka kuoa. "Baba, nimepata kiwanja Nyanguge," akasema. "Hatua 20 kwa 20, lami iko hapo hapo."

Nyanguge iko mbele ya Kisesa, mbali zaidi ya nilipoishia mimi. Nikanyamaza kidogo. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, lakini swali lililonitoka halikuwa langu.

"Kiwanda gani kiko huko?"

Akacheka.